Kibali cha Vyura Kumi na Wawili

Kwa miezi minane mtafiti alipigwa danadana katika ofisi ya wanyamapori. Nenda chumba namba tatu, rudi kesho, leta nakala nyingine, anayesaini yuko likizo. Mumewe alimtania kwamba angeomba kibali cha kuolewa na mume wa pili, angekipata upesi zaidi. Hatimaye kikatoka: achukue vyura wazima kumi na wawili, si zaidi, kutoka dimbwi la nyuma ya machimbo ya kokoto, akawalee maabara kabla dimbwi halijafukiwa kupisha barabara. Sharti ni kwamba siku hiyohiyo awapitishe ofisini wahesabiwe.

Siku ya kufukia ilipofika, aliwakamata alfajiri, na saa mbili asubuhi alikuwa ofisini na ndoo yake. Mhakiki wa kuwahesabu alikuwa kikaoni. Akakaa kwenye benchi la ukumbini hadi saa saba, ndoo katikati ya miguu.

Mhakiki alikuwa mzee wa miwani mizito. Ofisi nzima ilimwita Bwana Koma, maana aliweza kukurudishia barua kwa koma moja tu. Akafunua ndoo, akahesabu kwa ncha ya penseli. Kumi na wawili. Kisha penseli ikasimama.

"Na haya je, binti yangu?"

Mtafiti akachungulia. Juu ya jani palikuwa na rojorojo la mayai. Alipojaza fomu ilikuwa kiangazi, majira ambayo vyura hawa hawatagi hata ukiwabembeleza. Kalenda ya vyura aliijua kwa moyo. Ya ofisi ndiyo iliyomponyoka. Kibali kilikuwa kimetoka katikati ya msimu wa kutaga.

"Kanuni inasema yai nalo ni mnyama," alisema Bwana Koma. "Linalozidi kibali linarudishwa lilikotoka."

"Huko kunamwagwa kifusi sasa hivi, mzee wangu! Yatakufa yote." Sauti ilimpanda na hakujali. "Miezi minane nimekuwa mpole kama maji ya mtungi. Leo siwezi. Bora unifunge."

Bwana Koma akavua miwani, akaifuta. "Yalitagwa wapi?"

"Hapo nje, kwenye benchi. Nikikusubiri wewe."

"Una hakika?"

"Ndoo niliiosha mwenyewe asubuhi, na jani nililiweka mimi."

Mzee akafungua droo ya chini, akatoa fomu ya manjano: ya wanyama waliozaliwa mikononi mwa binadamu. Hao hawakukamatwa popote, kwa hiyo hawaguswi na kile kibali. Penye mahali pa kuzaliwa akaandika, bila hata kutabasamu: benchi, ukumbi wa ghorofa ya kwanza.

"Idadi?"

"Mengi tu, mzee."

"Hakuna idadi inayoitwa mengi."

Basi wakainama wote wawili. Mkuu wa idara alipofungua mlango, Bwana Koma alimwinulia mkono bila kugeuka. "Subiri kidogo, mkuu. Mia mbili na sita." Mtafiti alitaka kucheka, akajikuta machozi yanamlenga. Miezi yote hiyo hakuna mtu ofisini humo aliyewahi kuwatazama vyura wake, hata kwa picha.

Jumla ikawa mia tatu na kumi na moja. Mzee akaandika, akanyanyua muhuri.

"Na kwingine wamebaki wangapi?"

"Kwingine wapi?"

"Popote. Duniani."

"Hakuna kwingine, mzee. Ni hawa wa ndooni tu."

Muhuri ukabaki hewani. Akaurudisha mezani taratibu, akaikata ile namba kwa mstari.

"Sogea tuhesabu upya," akasema. "Nadhani kuna moja nililiruka."