Picha Iliyomuumbua Kamusi

Mwalimu mkuu aliyekuwa anastaafu aliitwa Kamusi, na jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Ukimwamkia, alikusahihisha. Ukimpa pole ya msiba, alisikiliza kwanza sarufi ya pole yako, ndipo alie. Mwaka mmoja aliirudisha kadi ya harusi ya mpwa wake ikiwa imejaa wino mwekundu, kisha siku ya harusi akakaa mstari wa mbele akitabasamu, kama mtu aliyetoa zawadi ya maana.

Kwa hiyo walimu wenzake walipoamua achorwe picha kubwa ya kutundikwa ukumbini, fundi rangi alijua kwamba hakupewa kazi, amepewa adhabu.

Fundi huyu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, aliyesomea shule hiyohiyo. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha moja na harufu ya tapentaini. Vinyozi, bucha na maduka ya dawa, mabango yote yalikuwa yake. Hata "USIKOJOE HAPA" ya ukuta wa sokoni aliiandika yeye, na alipenda kusema kwamba hakuna kazi yake iliyosomwa na watu wengi zaidi, wala iliyopuuzwa zaidi.

Kamusi alifika amevaa suti, akaketi kwenye stuli, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Haya ni marekebisho."

"Mwalimu, sijaanza hata kuchora."

"Ndiyo maana nimewahi."

Fundi akaisoma. Pua inyooshwe. Masikio yapunguzwe. Nywele ziongezwe, "kwa kiasi cha kuaminika". Chini kabisa, yakiwa yamepigiwa mistari miwili: kovu liondolewe. Kamusi alikuwa ameweka sahihi na tarehe, kama ilivyo ada kwa nyaraka muhimu za taifa.

Fundi akainua macho. Kovu lilitoka pembeni mwa jicho la kushoto hadi taya, na mji mzima ulilijua. Miaka kumi na tisa nyuma, upepo wa mvua uling'oa paa la darasa wakati wa kipindi. Kamusi aliushikilia mlango wazi kwa mgongo wake hadi wanafunzi arobaini na mmoja wakatoka, na bati lilipokuja likamchana shavu. Fundi alikuwa mmoja wao. Alikumbuka amemshika mkono akilia, "Mwalimu, naogopa sana kabisa!" Naye, damu ikimchuruzika hadi kwenye kola, akamjibu, "Sana, au kabisa. Chagua moja."

"Kovu hili hili, Mwalimu?"

"Linaniumbua."

"Linakuumbua?"

Kumuuliza Kamusi maana ya neno ni kumpa nyani shamba la mahindi. Akajiweka sawa kwenye stuli. "Sikiliza. Unafunga, unafungua. Unaziba, unazibua. Unaumba, unaumbua. Kuumbua ni kutengua umbo, kuharibu sura iliyokamilika. Maana ya pili, kumwaibisha mtu mbele za watu. Hapa nimekusudia ya kwanza."

"Sasa Muumba akikupa pua hiyo, mimi nikiinyoosha, nani anaumbua?"

"Hiyo ni kurekebisha."

Fundi alikuwa na jibu tayari ulimini, lakini mzee akaongeza, kwa sauti asiyoitumia darasani, "Miaka kumi na tisa watu wananitazama shavu, mwanangu. Nataka na mimi nitazamwe uso."

Jibu likarudi lilikotoka. Fundi akachukua brashi.

Alichora siku tisa. Kila jioni Kamusi alipitia na kuongeza kitu: nyusi ziwe na mamlaka, kidevu kiwe na msimamo. Siku ya tisa palikuwa na mwanamume mtanashati ubaoni, na fundi akahisi amewahi kumwona mahali, ila hakumbuki wapi.

"Ni mimi," alisema Kamusi kwa furaha.

Siku ya kumuaga, ukumbi ulijaa. Afisa elimu, mgeni mjini hapo, akavuta kitambaa. Watu wakatazama. Kimya kikawa kirefu kuliko hotuba, na hotuba zilikuwa nne.

Kamusi alikuwa na dada yake mkubwa, bibi ambaye masikio yake yalikuwa yamechoka, hivyo alinong'ona kwa sauti ya mnada. Akamwinamia jirani yake: "Mbona wamemchora naibu?"

Macho yote yakahamia kwa naibu mkuu wa shule. Pua imenyooka. Shavu laini. Nywele za kuaminika. Mtu na hasimu wake wa miaka ishirini, walioacha kunywa chai meza moja kwa ugomvi wa alama ya mkato, sasa walikuwa na uso mmoja. Afisa, kwa bidii ya mgeni, akaenda moja kwa moja kumshika naibu mkono. "Hongera, mzee! Wamekupatia hasa!"

"Asante sana," alijibu naibu, kwa unyenyekevu aliokuwa ameuhifadhi miaka mingi kwa ajili ya siku kama hiyo.

Kamusi akasimama. "Fundi ameniumbua!"

Watu wakageuka. Fundi alikuwa nyuma, karibu na mlango. Minong'ono ikaanza: si ndiye aliyechora ng'ombe wa bucha akatoka mbwa? Mkono wake ukaingia kwenye mkoba, ukaigusa ile karatasi. Mwandiko wa Kamusi, sahihi ya Kamusi, tarehe. Angeisoma mistari mitatu tu, ukumbi ungeanguka kwa kicheko.

Naibu akatangulia, sauti yake tamu kama asali. "Mwalimu mkuu, hebu tufafanulie. Amekuumbua kwa maana ipi? Kukuharibu sura, au kukuaibisha?"

Kamusi hakumtazama naibu. Alikuwa anautazama ule mkoba.

Fundi naye alimwona. Alimwona mzee mwenye shavu lililochanika, amesimama peke yake mbele ya watu. Akautoa mkono mtupu.

"Kosa ni langu," alisema. "Nimesahau kovu. Nitalirekebisha."

"Asahau vipi," akanong'ona dada mtu, na ukumbi mzima ukasikia, "na yeye alipita mlango ule ule siku ile?"

Hapo Kamusi akashusha pumzi. "Hakusahau," alisema. "Nilimwagiza mimi, kwa maandishi. Pua ni mimi, nywele ni mimi, kovu ni mimi." Akamgeukia naibu. "Nimejiumbua mwenyewe, bwana. Kwa maana zote mbili."

Wengine walicheka. Baba mmoja, fundi bomba, hakucheka. Alisimama, akasema, "Na mimi nilikuwemo darasani," akabaki amesimama. Mwanamke mmoja akafuata, kisha wengine watano. Afisa elimu alipiga makofi bila kujua anapongeza nini. Ndiyo kazi yake.

Wiki iliyofuata Kamusi alirudi karakana, safari hii bila karatasi. Fundi akachanganya hudhurungi na nyeupe, akachukua brashi nyembamba kuliko zote.

"Bado linauma?" aliuliza, huku akivuta mstari.

"Wakati wa baridi." Akamgeuzia shavu. "Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Pua ilirudi na kombo lake, masikio yakarudi na upana wake. Naibu alituma ujumbe kuomba ile picha ya kwanza isifutwe, maana kuna mtu wa familia yake ameipenda. Fundi akamjibu kwamba amechelewa, na kwamba akitaka yake, aje na sura yake.

Picha ilitundikwa siku ya Jumatatu, rangi ikiwa bado mbichi. Dada mtu hakungoja. Alipanda kiti, akamshika mdogo wake wa pichani shavu, palepale kwenye kovu, akaacha alama ya kidole gumba. Fundi akakimbilia kitambaa.

"Acha," alisema Kamusi.