Swali Lililokataa Kugeuka

Mtaa mzima ulimwita Geuza, na jina hilo alilipenda kuliko lile la cheti. Kibandani kwake alichukua nyongeza za michezo zilizotengenezwa kwa ajili ya kompyuta, nyumba, wanyama, rangi za kuta, akazigeuza zikubali kwenye simu. Watoto hawakumpa nafasi ya kupumua. Na maringo alikuwa nayo, tusifichane.

Wiki hiyo alimgeuzia binti wa dada yake, anayemwita mama mdogo, kijiji cha mchezo chenye vibao vinavyoandika vyenyewe. Kazi ilinyooka, isipokuwa swali moja kaidi: "Mgeni anataka kuzungumza nawe. Unamruhusu?" Kila akijaribu, toleo la simu lilikataa, kioo kikajaa maandishi mekundu. Geuza akadhani huyo mgeni ni mhusika wa mchezo tu. Akalifuta swali, vibao vikafanya kazi moja kwa moja, akajipongeza, akamrushia mtoto zawadi yake.

Mchana mmoja, wateja wamekauka, akakifungua kijiji kile cha mtoto kwenye simu yake ajifurahishe. Akasogelea kibao. Kikaandika: "Uko wapi? Mbona leo simu nyingine? Nakusubiri."

Moyo ukamlipuka paa! Mhusika gani wa mchezo anajua habari za simu? Akaandika: "Wewe nani?"

"Jamani! Si ndimi mama mdogo wako, kama ulivyoniita mwenyewe?"

Kumbe yule mgeni alikuwa mtu, na aliyemfungulia mlango ni yeye, Geuza, alipolifuta lile swali. Akampigia dada yake, ambaye ni mshonaji.

"Dada, mtoto yuko wapi?"

"We naye! Si umemwita mwenyewe? Kasema umemwandikia kwenye mchezo, mkutane kituo cha basi nyuma ya soko. Nikajua mna mambo yenu."

"Dada, si mimi! Si mimi niliyemwandikia!"

Hakusubiri jibu. Aliacha kibanda wazi, simu za watu mezani, akatimua mbio sokoni akipiga watu vikumbo, na matusi waliyomtupia hakuyasikia. Alikuwa akiomba kimoyomoyo, tena kwa kubabaika, amkute tu. Amkute tu, mengine baadaye.

Akamkuta. Mtoto ameketi kwenye benchi la kituo, mkoba magotini, amenuna. Geuza akamkumbatia mpaka mtoto akalalamika.

"Mama mdogo, unanibana! Halafu umechelewa."

"Uko peke yako, mwanangu?"

"Hapana, niko na yule mjomba uliyemtuma. Kaenda kuninunulia soda. Kasema nisiondoke hapa."

Geuza hakugeuka kutazama maduka. Akamshika mtoto mkono, akamvuta, wakaanza kukimbia kuelekea penye watu wengi. Nyuma yao mwanamume akaita, taratibu, bila haraka yoyote, akitaja jina la utani ambalo mtoto huyo huitwa nyumbani tu.