Kuku Namba Saba

Mradi ulipofika Nkoma, kuku walipata hadhi ambayo watu wa Nkoma hawajaionja hadi leo. Walijengewa banda la wavu kando ya majaruba ya mpunga, wakaletewa chakula cha mifuko kutoka Mwanza, na kila Jumanne mtaalamu akaja na pikipiki kuwapima damu. Walikuwa kumi, kila mmoja na pete ya plastiki mguuni yenye namba yake. Kazi yao ilikuwa kukaa na kuumwa na mbu. Walivyoelezwa wananchi kwenye mkutano, kuna kirusi kinachoishi kwa ndege. Mbu hukibeba, akamuuma mtu, mtu akaugua. Basi kuku wangepimwa ili kirusi kikipita kijulikane mapema, binadamu waokolewe. Watu wakapiga makofi. Ng'washi naye alipiga, tena kwa nguvu, maana banda lilijengwa nyumbani kwake na mumewe Masunga ndiye aliyeteuliwa mlezi.

Tangu siku hiyo Masunga hakushikika. Fulana ya mradi aliivaa hadi kanisani. Ukimtajia pamba, anajibu kuku. Ukimtajia ng'ombe, anajibu kuku. Kuku wake wa kienyeji walipofyekwa wote na kideri, hakusikitika. Alisema wale walikuwa kuku wa kawaida tu.

Mvua zilipokolea, homa ikampata Mzee Mboje, baba yake Masunga. Mzee huyo alikuwa akishinda majarubani kufukuza ndege kwelea wasile mpunga, hatua chache tu kutoka bandani. Mbu waliowauma kuku walimuuma na yeye, ila yeye hakuwa na pete. Zahanati walimpima malaria wakakosa, wakampa panadoli. Shingo ikakaza, akaanza kuwaita ng'ombe waliokufa miaka mingi iliyopita, kila mmoja kwa jina lake. Mganga wa zahanati alipomwona tena akasema apelekwe hospitali kubwa Bariadi, na upesi. Gari la wagonjwa lilikuwa gereji. Na mtu asiyeweza kukaa hapakiwi kwenye bodaboda.

Ng'washi alimpenda mzee yule kuliko mtu yeyote nyumbani pale, mumewe akiwemo. Alipokaa miaka bila mtoto na ndugu wa mume wakaanza kunong'ona, mzee aliwaita wote akasema, "Huyu ni binti yangu. Mwenye neno aanze na mimi." Hakuna aliyeanza. Sasa alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba akififia, na mwanawe yuko nje anaosha vyombo vya kuku.

Jumanne ikafika, na Anatoli, mtaalamu wa damu, akafika nayo.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia Ng'washi kwa Kisukuma, kama mtu amwitavyo mama yake.

"Mwangaluka. Njoo umpime baba."

"Mimi ni wa kuku, mayu. Binadamu wamo kwenye awamu ya pili."

"Awamu ya pili lini?"

"Wafadhili wakiridhia."

"Basi mwandike kuku."

Anatoli akacheka. Kisha akachungulia ndani, akamwona mzee, na kicheko kikamwisha. Siku ile namba saba hakutolewa damu, lakini kichupa chake kilijaa.

Alhamisi jioni simu ikalia. Profesa Marcelo mwenyewe, mkuu wa mradi, angefika kesho yake na gari. Simu haikusema zaidi, mtandao ukakatika. Ng'washi alijua kinacholeta gari. Akamwambia mzee sikioni, "Vumilia, baba. Gari linakuja." Masunga yeye alijua jambo moja tu: mgeni mkubwa anakuja, na nyumbani kwa Mboje mgeni hajawahi kuondoka bila kuku.

Asubuhi Ng'washi alikuwa akimkanda mzee kwa kitambaa cha maji aliposikia ukelele mmoja mfupi nje. Akatoka mbio.

"Masunga! Umechinja nani?"

"Namba saba. Ndiye mnene."

"Hao si kuku wetu!"

"Kwani mgeni ni wetu? Kuku ni wao, mgeni ni wao. Heshima ndiyo yangu."

Mtu akishakujibu hivyo, kilichobaki ni kuchemsha maji ya kunyonyolea.

Gari jeupe lilifika mchana, pana, lenye ubaridi ndani, likamshusha Profesa na Anatoli. Nyuma lilibeba tenga jipya lililotandikwa majani makavu. Ng'washi alilitazama tenga lile akakumbuka gari la wagonjwa lililoko gereji, na hasira ikampanda hadi machoni. Profesa akasema hatakula, ana haraka. Masunga akasema katika nyumba hii hakuna haraka. Njaa ya safari ikamshinda mgeni, akanawa. Akapewa firigisi, kama ilivyo desturi kwa mtu mzito, akaitafuna akiisifu.

Alipomaliza alijifuta midomo. "Sasa nionyesheni namba saba. Ndiye wa kwanza mkoa mzima kukutwa na kirusi. Huu ni ugunduzi, mabwana! Tunampeleka Bariadi leo, na kesho anapanda ndege Mwanza kwenda Dar."

Masunga akaingiza mkono mfukoni, akatoa pete ya plastiki ya njano aliyoiosha vizuri. "Namba saba, Profesa, umeshamshushia ugali."

Kwa miaka mingi Profesa alikuwa amefundisha vyuoni kwamba nyama iliyoiva vizuri haina neno. Tumbo lake, inaelekea, halikuhudhuria. Aliinuka, akazunguka nyuma ya banda, na kuku tisa waliobaki wakashuhudia elimu ya juu ikirudi ilikotoka.

"Usijisumbue," Ng'washi alimwambia aliporudi akitweta. "Kuku uliyekula alikuwa mzima. Damu ilikuwa ya baba mkwe wangu. Yumo ndani, anaugua."

Anatoli akainamisha kichwa.

"Ashukuriwe Mungu!" Profesa akasema, kwa moyo wake wote. "Kumbe ni mtu tu!"

Masunga akageukia mlango wa chumba cha baba yake. Profesa akaendelea, uso umeanza kukunjamana, "Lakini basi mmeniharibia utafiti. Itabidi tulifute tokeo hilo."

"Mlisema kuku wanapimwa ili binadamu waokolewe," Ng'washi alisema. "Kirusi kimepita. Binadamu ndiye yule. Mwokoeni."

"Nakuelewa, mama, pole sana. Ila gari hili halina kibali cha kubeba mgonjwa. Limeruhusiwa kumchukua namba saba, basi."

Ng'washi akamnyang'anya mumewe pete. Akaingia ndani, akaushika mkono wa baba mkwe, mkono ambao kwa adabu za ukwe hakuwahi kuugusa kabla ya ugonjwa huu, akamvisha pete kidole cha mwisho. Ikaenea.

"Haya," aliita kutoka ndani. "Mchukueni."

Masunga alisimama mlangoni. Alikuwa hajaingia chumba kile siku kadhaa. Alimwona baba yake alivyokwisha, akaona na pete, akaanza kulia waziwazi, na fulana yake ya mradi ikawa ndiyo leso. Kisha akamnyanyua mzee mikononi, peke yake. Anatoli alikwishalitupa tenga nje.

"Unajua unachofanya?" Profesa akamuuliza Anatoli.

"Nasafirisha namba saba, mkuu."

Walimlaza mzee kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa Ng'washi. Mbele walijaa dereva na Anatoli na Masunga, wamebanana. Profesa, kwa kuwa hakutaka kubaki Nkoma na kuku tisa, akajikunja kwenye pembe iliyosalia nyuma, magoti kidevuni. Ubaridi wa gari ulipompiga mzee usoni, akafumbua macho. Akamtazama yule mtu aliyejikunja miguuni pake.

"Masunga. Huyu nani?"

"Mgeni wetu, baba."

"Mmempa firigisi?"

"Tumempa."

"Ameila?"

Masunga akamtazama Profesa, Profesa akatazama dirisha. "Ameila, baba."

"Basi ni ndugu," mzee akasema, akafumba macho. "Mwambieni asogee, nyumbani kwetu ndugu hambanii mgonjwa nafasi."

Profesa akasogea.