Tablo Mpya ya Gari la Mama Waridi

Mwaka 1957, gari la Mama Waridi lilikuwa limetimiza miaka ishirini na mitatu. Alilinunua kwa mzungu mmoja mwenye shamba la pamba aliyekuwa anarudi kwao, akalitumia kupeleka vitenge na chumvi kutoka Kasongo hadi Kabambare. Injini ilikuwa bado na nguvu. Kilichokufa ni tablo: mashine zote tano za kupimia zilizo mbele ya shofere zilikuwa zimelala, vioo vimepata ukungu, sindano zimeshika kutu.

Shofere wake, Zéphirin, hakujali. Esansi, yaani petroli, aliipima kwa kuchovya kijiti cha mwanzi ndani ya tangi. Maji yakichemka, aliyajua kwa harufu. Na mwendo? Mwendo aliusikia masikioni.

"Themanini," aliwaambia watu sokoni. "Nikifika kwenye tambarare ya Wamaza, niko natembea themanini kwa saa."

Lakini mwezi ule Mama Waridi alikuwa anamwoza binti yake Subira huko Kabambare, na aliapa kwamba bibi harusi hatapanda gari lenye tablo iliyokufa. Akasikia kuna lori limepinduka karibu na Salamabila, injini imepasuka lakini tablo nzima. Akainunua ile tablo, ikaletwa Kasongo imefungwa ndani ya gunia la mpunga, naye akaipeleka moja kwa moja kwa Amisi, fundi wa saa.

Amisi alifungua gunia mezani kwake. Hakuwahi kugusa mashine ya gari maisha yake yote.

"Mama, miye niko fundi wa saa."

"Hizi si saa? Ziko na sindano, ziko na vioo. Fungua."

Akafungua. Ndani aliona springi nyembamba kama unywele na vijigurudumu vya shaba, na uso ukamng'aa. Siku nne hakupokea saa ya mtu yeyote. Alisafisha kila jino, akapaka mafuta yake ya saa, akafuta vioo kwa majivu. Zéphirin alitoboa tundu kwenye tangi wakatia boya la kupimia esansi, kisha wakapitisha ule waya unaozunguka kutoka kwenye giya hadi kwenye mashine ya mwendo. Tundu za tablo ya zamani zilikuwa ndogo kwa mashine hizi. Amisi alizipanua kwa tupa mpaka vidole vikaota malengelenge.

Asubuhi ya siku ya tano Zéphirin akatia moto. Injini ikakohoa, ikashika.

Sindano ya mafuta ya injini ikaruka. Ya umeme ikatikisika. Ya esansi ikapanda polepole, ikasimama nusu.

"Ziko naamka!" alipiga kelele Mama Waridi, akapiga vigelegele barabarani, peke yake, mchana kweupe. Amisi alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Wakatoka wote watatu kwenda kujaribu kwenye barabara ya Nyangwe, yenye kona na mchanga. Zéphirin akakanyaga. Upepo ukaingia, kilemba cha Mama Waridi kikafunguka, kuku wakaruka porini. Wote macho kwenye sindano ya mwendo. Ishirini. Thelathini. Arobaini. Ikakataa kupanda tena.

Zéphirin alikanyaga mpaka mwisho. Arobaini tu.

"Ile mashini iko nasema bongo, uongo mtupu!" akasema. Shingo yake ilikuwa imejaa jasho. "Miaka kumi niko shofere. Arobaini ni mwendo wa baiskeli!"

Mama Waridi alianza kucheka, lakini Amisi hakucheka. Alitoa saa yake ya mfukoni.

"Shika hapo hapo, usipunguze. Tukipita jiwe la kilomita, nitahesabu."

Jiwe likapita. Jiwe la pili likatokea kwenye kona, na Amisi akapaza sauti, "Dakika moja na sekunde mbili!"

"Maana yake?" aliuliza Mama Waridi.

"Maana yake tuko karibu sitini. Zéphirin anasema kweli, mashini ndiyo imekosea. Ile ni ya lori. Lori linazungusha waya mara nyingi zaidi kuliko gari letu kwa kilomita moja, ndiyo maana kwetu inaonyesha pungufu."

Zéphirin alipiga usukani kwa furaha. "Nilisema!"

"Ulisema themanini," Mama Waridi akamkumbusha.

Wakarudia mara sita kati ya yale mawe, mara polepole, mara mbio, Amisi akiandika kwenye karatasi. Alasiri ile aliitoa tena ile mashine, akafuta namba za kiwandani, na kwa burashi ya nywele tatu anayochorea nyuso za saa akaandika namba zake. Penye ishirini akaweka thelathini. Penye arobaini akaweka sitini. Alishikilia pumzi kwa kila namba, na Zéphirin alisimama mlangoni akiwazuia watu wasimzibie mwanga.

Ijumaa, baada ya swala, wakaondoka na Subira kwenda Kabambare. Amisi naye alipewa nafasi mbele. Alikataa kukaa popote asipoiona tablo. Walipofika tambarare ya Wamaza, barabara ilinyooka, kavu na tupu.

"Zéphirin," alisema Mama Waridi kutoka nyuma, "hapa ndipo unapopasema sokoni?"

"Ndiyo, mama."

"Basi twende tukaone."

Gari likaunguruma. Sitini. Sitini na tano. Subira alishika bega la mama yake kwa mikono miwili, huku anapiga kelele, "Ongeza! Ongeza!" Sabini. Milango ilitetemeka. Sindano ikasogea kidogo, ikasogea tena, ikagusa sabini na nne, ikabaki hapo.

Zéphirin alipumua kwa nguvu. Aliitazama ile namba.

"Sabini na nne," akasema, na meno yake yote yakaonekana. "Sabini na nne ya kweli!"