Vipepeo wa Lambo la Masele

Masele alikuwa na ng'ombe thelathini na wawili na lambo moja, na bila lambo hilo ng'ombe wale wangekuwa ngozi zinazotembea. Huku nyuma ya mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu kiangazi hakina huruma. Lambo alilichimba mwenyewe na nduguze, wakalizungushia tuta la udongo, na maji yake yalifika mpaka mvua za Novemba. Hakuna lingine la namna hiyo karibu, na Masele hakuacha kuwakumbusha watu.

Mwezi wa sita akaja mwalimu Asteria, anayefundisha biolojia shule ya Kambarage, Shinyanga mjini. Alitoa shikamoo yake vizuri, akaomba ruhusa ya kupiga picha vipepeo. Masele akaitikia marahaba huku akijiuma midomo asicheke.

Chini ya tuta, upande wa nje, maji yalikuwa yakivuja kidogo, na ng'ombe wakingoja kunywa walikojoa hapo hapo. Ndipo vipepeo weupe na wa njano walipojazana, wakinyonya tope. Mwalimu akapiga magoti kwenye mkojo ule na suruali yake safi, akaelekeza kamera, akatulia nusu saa nzima bila kukohoa.

"Wanafuata chumvi, Baba Juliana," alimweleza. "Wengi ni madume. Tazama, weupe wanakaa na weupe, wa njano na wa njano."

Siku tatu alifanya hivyo, kisha akashukuru, akaondoka. Masele akapata hadithi ya kilabuni. Eti mtu amesomeshwa mpaka chuo kikuu aje kupiga picha wanywa mkojo! Watu wakacheka mpaka pombe ikawapalia, isipokuwa Mwigulu, mchimbaji wa siku nyingi, aliyeyajua maduara, yale mashimo ya kuchimbia dhahabu, kuliko alivyowajua wanawe.

"Huku kwetu nani anapiga magoti ardhini bure?" aliuliza. "Alichukua udongo?"

Masele akakiri. Alichukua. Alichota vijiko viwili, akatia kwenye mfuko wa nailoni, akaandika namba. Alisema anakwenda kupima chumvi.

"Chumvi," Mwigulu akasema, na akaagiza nyingine.

Kicheko kikamwishia Masele pale pale. Njia nzima ya nyumbani alipiga hesabu zake. Mtu na digrii yake atoke Shinyanga, apande basi mpaka Kahama, na bodaboda juu yake, kwa ajili ya wadudu ambao hata kuku hawana habari nao? Na mbona alikuwa mpole vile, baba hiki, baba kile? Anayetaka kukuibia hakutukani kwanza. Tamaa ikibisha hodi, akili hutokea mlango wa nyuma, na ya Masele haikuaga.

Mkewe, Limi, alimwona kesho yake akilizunguka tuta na fimbo, akidunga hapa na pale.

"Baba Juliana, usiliguse tuta," alimwambia. "Likienda hilo, ng'ombe wamekwenda."

"Kwani nani kaligusa?"

Jumapili mgongo ukamuuma ghafla, mgongo ambao haujawahi kumuuma siku ya pombe. Limi akaenda kanisani peke yake. Masele akachukua sururu. Vipepeo wakaruka wote, wakamjaa usoni, akawapunga kwa hasira. Akachimba pale pale palipokuwa na magoti ya mwalimu. Futi ya kwanza ilikuwa tope. Ya pili aliona kitu kinang'aa, akakilamba, ni mchanga. Alipofika ya tatu maji yakaanza kububujika miguuni mwake, tuta likalegea, likakaa chini, na lambo lote likapita juu yake. Alitoka akitambaa, buti moja limebaki huko huko.

Watu waliotoka kanisani waliyakuta maji barabarani, wakayafuata yalikotoka. Wakamkuta Masele ameshika sururu, tope mpaka kwenye kope. Mwigulu hakulitazama lambo. Alilitazama shimo.

"Hakuna dhahabu," Masele akasema. "Naapa kwa marehemu mama yangu. Ni vipepeo tu."

Mwigulu akavua shati lake la kanisani, akalikunja taratibu.

"Mzee wangu, umebomoa lambo lako mwenyewe mchana wa Jumapili. Sasa tuamini mdomo wako au sururu yako?"

Kufika saa tisa maduara yalikuwa kumi na moja, na mama ntilie ameshainjika maharage. Limi hakugombana na mtu. Alifungua zizi, akawaswaga ng'ombe wote kuelekea kwao alikozaliwa, mwendo wa siku nzima, ambako bado kulikuwa na kisima. Masele akaokota fimbo amfuate. Limi akageuka.

"Wewe baki," akamwambia. "Linda mgodi wako."