Msiba wa Migomba ya Mbugani

Nilimwambia afisa mipango miji mkutanoni, watu wote wakisikia, kwamba barabara yake pana haitapita juu ya mama yangu. Akanijibu kwa adabu, maana Philemon ana adabu sana, hata inachosha. Kaburi litahamishwa kwa heshima zote, akasema, na migomba iliyolizunguka italipiwa fidia. Mji wa Kyela unakua, mama, na mtaa wa Mbugani hauwezi kubaki kama kijiji.

Mimi sijawahi kukataa mji ukue. Mvua zikikolea maji yanaingia mpaka jikoni kwangu, kwa hiyo mitaro naitaka kuliko yeye anavyoitaka. Nataka na taa za barabarani. Lakini kwetu mtu anazikwa nyumbani, kwenye migomba yake, ili asubuhi ukifagia uwanja umfagilie na yeye. Mji unaotaka nimfukue mama yangu ili malori ya mchele yapishane vizuri, mji huo ukakue kwingine. Hivyo ndivyo nilivyosema, na mwenyekiti akanikatiza. Jumatatu, wakatangaza, wanakuja kupiga X ya kubomoa ukutani kwangu.

Jumapili nikatoka kanisani nimekunja uso. Jirani yangu Jubilate, mwanamke mwenye genge la nyanya, akaniuliza nitafanya nini.

"Nitaweka msiba," nikamwambia.

Alicheka, kisha akaenda kuleta mkeka wake. Tukafunga turubai kwenye migomba, tukakoka moto, tukateleka wali, tukakaa chini wanawake watano na khanga viunoni. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: Kyela hakuna mtu anayepita msibani bila kuingia kutoa pole. Awe na haraka ya namna gani, awe hata serikali.

Nilichosahau ni kwamba Kyela hakuna pia anayeuliza kwanza. Unalia kwanza, jina la marehemu utalijua ukishakaa. Watu waliona turubai na moshi, habari zikapanda bodaboda, na alfajiri shangazi yangu Kisa akaingia kutoka Ikolo akilia kwa sauti ya kuamsha mtaa mzima, mkungu wa ndizi kichwani. Nyuma yake wakaja watu wa Makwale na mchele wao. Halafu akaja kaka yangu Gwamaka, ambaye njiani alikuwa ameambiwa kwamba nimekufa mimi.

Aliponiona nakoroga uji alikaa chini palepale. Nikamwomba radhi, na nilimwomba kwa moyo wote. Nikamweleza habari ya barabara na kaburi. Akavua koti.

"Basi tutakaa, Tusekile," akasema. "Mama si wako peke yako."

Philemon alifika jua limeshapanda, na kopo la rangi nyekundu na brashi. Akaona uwanja umejaa watu. Akaweka kopo nje ya uzio, akaingia, akatoa pole kwa mmoja mmoja mpaka akanifikia mimi.

"Poleni sana, mama. Nani amefariki?"

"Bado," nikamjibu. "Tulijua unakuja kuua leo, tukaona tuwahi."

Watu wakacheka. Shangazi Kisa hakucheka.

"Mwanangu," akamwuliza, "kwenu ni wapi?"

"Rombo, bibi."

"Baba yupo?"

"Alishafariki."

"Mlimzika wapi?"

Philemon akaitazama migomba yangu, mmoja baada ya mwingine. "Nyumbani," akasema. "Kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo. Katikati ya migomba."

"Na barabara ya kwenu ilipita wapi?"

Akageuka kulitazama kopo lake nje ya uzio, nikamwonea huruma. Kidogo tu.

"Ilizunguka," akasema.

Shangazi hakumwuliza tena. Akamsogezea sahani ya wali, na kwa kuwa chakula cha msibani hakikataliwi, Philemon akala chote. Aliponawa mikono akasema hawezi kubadili ramani peke yake, lakini ataipeleka kwa wakubwa wake ichorwe upya, na hakuna X itakayopigwa hapa kabla ya hapo.

"Ndaga fijo," Shangazi akamshukuru.

"Basi, mama," Philemon akanigeukia, "nimeshaahidi. Waambie watu warudi makwao. Msiba umeisha."

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira upya. Yaani anipangie barabara, na msiba pia anipangie.

"Msiba unaisha wenye msiba wakisema umeisha," nikamwambia. "Lete hiyo ramani mpya tuione kwa macho yetu. Utatukuta hapa hapa."

Akaondoka na kopo lake halijafunguliwa. Gwamaka akaongeza kuni, nami nikateleka sufuria la pili.