Sentimita Themanini

Karatasi ya vipimo alitumwa aipeleke. Kipande cha chuma hakutumwa na mtu. Vyote viwili vilikuwa ndani ya mfuko mmoja Sifuna alipokuwa akipanda ngazi za ofisi ya mainjinia kule Hurlingham, mfuko ukimgonga goti kila hatua, na kila ukimgonga anajiambia: leo nitauliza. Wakinifukuza, wanifukuze nikiwa nimeuliza.

Sifuna alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa Bungoma aliyeacha shule darasa la sita, na sasa mwaka wa tatu alikuwa anaishi bila mke. Caren, mkewe, alikuwa mpishi wa mjengo, pale walipokuwa wakijenga. Alipikia wafanyakazi githeri na chapati chini ya kibanda cha mabati ambacho kenchi zake, zile fremu za pembetatu zinazobeba paa, alizichomelea Sifuna mwenyewe. Jumanne moja saa saba mchana paa lile likashuka, na tangi la maji lililokuwa juu yake likashuka nalo, na Caren alikuwa chini na mwiko mkononi.

Watu wa uchunguzi walikuja na kofia mpya ambazo hata kibandiko cha bei hakikuwa kimetolewa. Wakakaa dakika ishirini. Wakaandika maneno matatu: weldi ya fundi, yaani alichochomelea Sifuna ndicho kilichoachia. Masila, mwenye kandarasi, akatia sahihi chini, kisha akaenda kupewa kazi nyingine, maana wakubwa ni kama paka, ukimrusha vipi anaangukia miguu.

Siku ya mazishi Sifuna aliinama achote mchanga amrushie mkewe, na Bramwel, kaka yake Caren, akamshika mkono. "Mikono hiyo imefanya ya kutosha," alisema mbele ya watu wote. Tangu siku hiyo Sifuna hakukanyaga kwa wakwe. Na sasa kulikuwa na habari kwamba Desemba familia itajengea kaburi simiti, na kwamba yeye asionekane. Alichokuwa anataka duniani ni karatasi moja, iliyoandikwa na mtu aliyesoma, ya kusema haikuwa weldi. Akiipata, atasimama kando ya kaburi la mke wake kama wanaume wengine.

Injinia Mwelu alikuwa peke yake, wenzake wameenda kula. Msichana wa Makueni, mwembamba. Sifuna alikuwa na imani naye kidogo kwa sababu moja tu: kule Kitisuru, kwenye nyumba wanayoijenga, alipanda ngazi mwenyewe mpaka juu ya kenchi, na viatu vyake vikachafuka.

"Karibu fundi. Umeleta?"

"Nimeleta, injinia. Lakini hiyo garage yenu ni kubwa kuliko kanisa letu."

"Si yangu, mzee wangu. Mimi hata garage ya baiskeli sina. Keti."

Mwenye nyumba ya Kitisuru alikuwa amebadilisha nia. Alitaka tangi la kupasha maji kwa jua likae juu ya kenchi za garage, na Mwelu alikuwa anataka kujua, kabla ya mtu kulipandisha, kama kenchi zitalibeba. Akafungua kompyuta. Kila mahali vyuma vinapokutana aliweka nukta. Akaziunganisha nukta kwa mistari, na kenchi ikatokea kwenye kioo, nyembamba kama mifupa ya omena. Kwenye ncha zake mbili akaweka pembetatu ndogo, ndizo kuta zinazoishikilia. Mizigo ilikuwa mishale inayotazama chini.

"Tangi litakaa sentimita ngapi kutoka kwenye kiungo?" aliuliza.

"Kwani ni lazima?"

"Ni hiyo tu ninayotaka kwako. Hizo zingine ninazo."

Sifuna akasoma kwenye karatasi yake. Mwelu akaandika, akabonyeza, na mistari ikapata rangi, yote kijani, maana yake inabeba. Wakati huohuo kenchi nzima ikapinda katikati kama kamba ya nguo, na Sifuna akajikuta amesimama wima, kiti kimeanguka nyuma yake.

"Pole, pole," Mwelu alisema. "Hiyo imekuzwa mara mia ili jicho lione. Kwa kweli imeshuka milimita mbili. Umeshtuka hivyo kwa nini?"

Basi hapo ndipo Sifuna alipoutia mkono kwenye mfuko, akakitoa kile kipande cha chuma, akakiweka mezani juu ya karatasi za watu.

Kilikuwa kiungo cha kenchi: vyuma vitatu vya mraba vilivyochomelewa pamoja. Kimoja kati ya vile vitatu kilikuwa kirefu kuliko vingine, kisha kikapinda na kuishia kwa meno ya kuchanika.

Alimweleza yote. Mwelu alisikiliza bila kugusa simu yake, jambo ambalo Sifuna hakuwa amelizoea kwa watu wa ofisi. Akakigeuzageuza kile chuma, akapitisha ukucha juu ya weldi.

"Wale wa uchunguzi waliona hii?"

"Niliwapelekea. Askari wa mlangoni akaniambia vyuma vikuukuu vinauzwa Gikomba."

Mwelu akatazama mlango, akatazama saa. "Nipe vipimo vya hicho kibanda. Unavikumbuka?"

"Nimevikumbuka usiku na mchana miaka mitatu."

Mita nane kutoka ukuta hadi ukuta. Kimo mita moja. Vyumba vitano, yaani nafasi za kiungo hadi kiungo, vya sentimita mia na sitini. Tyubu ya arobaini kwa arobaini, unene milimita mbili. "Wameandika mbili," Sifuna aliongeza, "lakini dukani unapewa moja nukta nane."

"Nitaandika hiyo ya dukani."

Mifupa ya omena ikatokea tena. Mwelu akaweka mabati peke yake, akabonyeza. Kijani.

"Kwa hivyo kenchi yako ilikuwa sawa. Sasa tangi. Nani alisema likae juu?"

"Masila. Kwa mchoro lilikuwa na mnara wake kando. Akasema mnara utachelewesha kazi, weka hapo juu, lita elfu moja tu. Elfu moja tu! Kama anaongea habari ya soda."

"Wapi hasa?"

Sifuna akanyoosha kidole kwenye kioo, kwenye nukta ya katikati kushoto. Mwelu akaweka mshale, mkubwa, akabonyeza. Sifuna alijikaza kuona nyekundu ya damu.

Kijani. Kijani kilichopauka kidogo kuelekea njano, lakini kijani.

"Hapana," alisema. "Rudia."

Akarudia. Kijani.

"Masila alikosa, hakuuliza mtu yeyote," Mwelu alisema polepole. "Lakini hapa kwenye kiungo lingekaa. Una hakika ni hapa?"

Sifuna alikuwa anakitazama kile kipande cha chuma, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu hakuwa anaitazama weldi. Alikuwa anatazama ile ncha iliyochanika, pale mbali na weldi, sentimita themanini, katikati ya kiungo na kiungo.

Akasikia sauti ya Caren kama yuko mlangoni, ikimwita kwa jina la mtoto wao. "Baba Clifford! Hili tangi lenu linanikojolea kwa sufuria!"

Mfereji ulikuwa unadondosha, na jiko lilikuwa chini yake. Jumapili baada ya kanisa, tangi likiwa limeisha maji, Sifuna alirudi kwenye mjengo na jeki, akalisogeza mwenyewe. Kidogo tu. Caren akasimama chini na mikono kiunoni, akimwelekeza kama askari wa barabarani, kuja, kuja, hapo hapo! Kisha akampikia chai ya maziwa mengi. Jumanne maji ya kaunti yakaja, tangi likajaa.

"Sogeza mshale," alisema. "Weka katikati ya hizo nukta mbili."

Mwelu akausogeza. Akabonyeza. Chuma cha chini kikawa chekundu, chekundu cha pilipili iliyoiva, pale pale chuma kilipochanikia.

Chini, kwenye barabara ya Argwings Kodhek, mtu alikuwa anapiga honi bila huruma.

"Fundi, ni nani alilisogeza?" Mwelu aliuliza, kisha akauona uso wake, akatamani kuyameza maneno yake.

"Na ni nani aliyeniambia nisilisogeze?" Sifuna alisema, na sauti yake ikawa kubwa kuliko alivyokusudia. "Nimechomelea kenchi miaka ishirini na mbili, injinia. Siku gani mkubwa hata mmoja alisimama chini yangu akasema, fundi, mzigo unakaa kwenye kiungo, si katikati? Neno moja tu. Ningelisogeza jiko!"

"Huwa tunaandika kwenye mchoro," Mwelu alisema, lakini kwa unyonge.

"Kwa Kizungu. Na mchoro unalala kwenye buti ya gari la Masila. Anayejua hayuko, na aliyeko hajaambiwa."

Mwelu aliinuka, akaisubiri mashine ya kuchapa, akaandika mistari michache kwa mkono chini ya karatasi, akaweka sahihi na namba yake. Kiungo hakikuachia. Chuma kilivunjika kwa kubebeshwa mzigo katikati. Akampa.

"Hapo sikuandika nani alisogeza," alisema bila kumtazama. "Masila ndiye aliyeamuru tangi lipande. Hiyo ni kweli vilevile."

Sifuna alitembea kwa miguu mpaka mjini, akashuka Valley Road akiwa hasikii magari. Karatasi ilikuwa ndani ya shati, imegusa ngozi. Wazo lilikuwa limeshakomaa kabla hajafika River Road: atasema ni Masila. Kwani ni uongo? Masila ndiye aliyepandisha kifo juu ya paa. Sentimita themanini ni nini mbele ya lita elfu moja? Wakubwa wamemsingizia miaka mitatu. Nao wabebe mara moja.

Bramwel alikuwa anauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi, kati ya marundo ya mabomba na mikebe ya rangi. Alipomwona akakunja uso.

"Wewe. Unataka nini?"

Sifuna akaitandaza karatasi juu ya kaunta, na kile chuma kando yake. Alieleza kama alivyopanga. Weldi haikuachia, angalia sahihi ya injinia, angalia chuma chenyewe. Mzigo uliwekwa mahali pabaya. Tangi liliamriwa na Masila.

Bramwel alisoma mara mbili, midomo ikicheza. Alikiinua chuma, akapitisha kidole gumba juu ya weldi. Mabega yake, ambayo tangu mazishi yalikuwa yamepandishwa kama ya mtu anayengoja ngumi, yakashuka.

"Kwa hivyo ni huyo mbwa Masila," alisema. Kisha akatoa neno ambalo Sifuna hakuwa amelisikia tangu Caren alipokuwa hai. "Nisamehe, mulamwa."

Mulamwa. Shemeji, mtu wa nyumba. Angelipokea lile neno angekula nalo Desemba, angesimama nalo kaburini. Lakini macho yake yalirudi kwenye ile ncha iliyochanika.

"Masila aliliweka kwenye kiungo," Sifuna alisema. "Hapo lingekaa. Mimi ndiye nililisogeza. Dada yako alisema linamdondokea kwa sufuria."

Mteja aliyekuwa anauliza misumari akaona nyuso zao, akaenda duka la pili.

Bramwel hakupiga kelele. Aliegemea rafu. "Alinipigia simu," alisema. "Hiyo Jumapili jioni. Akaniambia, Bram, wewe umeoa lakini hujui kupenda. Mume wangu ametoka kanisani na suti, amenibebea tangi zima kwa sababu ya tone la maji. Alicheka, mpaka nikakata simu." Akajipangusa uso kwa mkono wenye vumbi la simiti. "Ningejua nini? Nilidhani ni hadithi ya mapenzi tu."

"Na mimi."

"Na huyo injinia wa wakati huo, alikuwa wapi?"

"Sijawahi kumwona mpaka leo. Jina lake liko kwa mchoro."

Sifuna akaonyesha rafu ya juu. "Nipimie rangi ya mafuta. Kijani. Mkebe mdogo."

"Ya nini?"

"Kule Kitisuru kuna kenchi za garage. Nitapaka viungo peke yake. Atakayekuja baada yangu, hata kama hajui A, aone mahali mzigo unakaa. Wakubwa wakiniuliza, nitawaambia ni urembo."

Bramwel alipanda ngazi, akashusha mkebe, akaufungua kwa bisibisi kuangalia kama rangi haijakauka, akakigonga kifuniko tena.

"Desemba?" Sifuna aliuliza.

"Nitaongea na mama. Sijui atasema nini. Usije kabla sijakuita." Alikuwa bado ameshika kile kipande cha chuma. "Hii karatasi niachie. Na hii pia." Akakigeuza kwenye mwanga wa mlangoni, mtu wa duka la vyuma anayejua kazi nzuri akiiona. "Weldi ni safi," alisema, karibu kwa hasira. "Ni safi kabisa."

Miaka mitatu Sifuna alikuwa ameyangoja maneno hayo. Aliyasikia, akachukua mkebe wake, akatoka.